Ufunguo Umepotea: Tumshuku Nani?

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kuona safu hii, iliyozoea kuzungumzia malezi na ndoa, leo imegeukia vitasa vya milango. Tunawaomba watuvumilie. Yaliyotufika nyumbani kwetu hapa Garissa yametufunza kwamba kitasa nacho kina mlango wake katika maisha ya familia, na kwamba kipande cha shaba kisichozidi urefu wa kidole chaweza kumwokoa mtu na dhulma.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya Alasiri. Mama watoto alirudi kutoka soko la Suuq Mugdi na kikapu chake cha mboga, akafunguliwa mlango kutoka ndani, akaingia, na baada ya kitambo akaanza kutafuta mtungo wa funguo zake. Kikapu kilimwagwa. Mkoba ukapinduliwa. Watoto wakatumwa kuifuata njia yote aliyopita, hadi kwa muuza nyanya, hadi kwa mshonaji, wakarudi mikono mitupu. Ilipoadhiniwa Magharibi mtungo ule ulikuwa haujaonekana.

Kupotea kwa ufunguo si jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuja baada ya Isha, alipoingia jirani kutupa pole. Alikaa, akanywa chai, kisha akamwinamia mama watoto na kusema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kiasi cha kutosikika jikoni: "Mama, na huyu binti mmemuuliza vizuri?"

Binti mwenyewe hutusaidia kazi za nyumbani. Kwao ni upande wa Madogo, ng'ambo ya daraja la Mto Tana, na kwetu alikuwa hajatimiza mwaka. Hatukumjibu jirani neno la maana, na kwa hilo twajilaumu. Tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kukaeleweka kuwa ni kukubali. Usiku ule tuliburuta gunia la mchele tukaliegemeza mlangoni, tukalala nusu usingizi. Alfajiri tulipoamka kwa ajili ya Sala, tulimkuta binti ameketi karibu na jiko, nguo zake zimekunjwa na kufungwa ndani ya leso. Hakuwa ameambiwa aondoke. Alikuwa amekwisha kuihukumu kesi yake kwa niaba yetu.

Hapo ndipo tulipoikumbuka Sura ya An-Nur. Katika aya ya 61 Mwenyezi Mungu anazitaja nyumba ambazo mtu hana lawama kula chakula chake humo: za wazazi, za ndugu, za ami na shangazi, za wajomba na mama wadogo, na kati ya hizo inatajwa pia nyumba ambayo mtu ameshika funguo zake. Wafasiri wameeleza kwamba baadhi ya Masahaba walipokuwa wakitoka kwenda vitani waliwaachia funguo wenzao waliobaki, na hao waliobaki wakaona haya kugusa kitu, ndipo ikaja ruhusa. Tazama basi daraja la ufunguo. Mwenye kukabidhiwa amekaribishwa hadi jirani ya jamaa wa damu. Kumnyang'anya mtu daraja hilo kwa neno la jirani tu, bila shahidi wala dalili, si jambo jepesi, na katika Sura ya Al-Hujurat tumekatazwa wazi kukithirisha dhana kwa kuwa baadhi yake ni dhambi.

Lakini upande wa pili nao una haki yake. Mlango ambao ufunguo wake umo mikononi mwa mtu usiyemjua hauko salama, na Mtume (S.A.W.) ametuusia tuifunge milango yetu usiku na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu. Mama watoto hakukosea alipouliza, "Maalim, tutalala hivi mpaka lini?" Tulitaka nyumba ilindwe na binti asidhulumiwe. Dawa ya yote mawili tuliipata dukani.

Wasomaji wetu wa Mombasa na Lamu wamezoea kuona Garissa kama mji wa juzi, na kwa habari ya milango kuna ukweli fulani. Nyumba ya asili ya wafugaji wa Kisomali ni aqal, kuba la fito na mikeka ambalo hufunguliwa na kupakiwa mgongoni mwa ngamia. Mwenye kuijenga na kuisimamisha ni mwanamke. Mlango wake ni mkeka au pazia, kitasa hakuna, na mgeni hujulisha kuja kwake kwa sauti akiwa bado mbali. Leo binti za wanawake hao wamo katika nyumba za mawe zenye milango ya chuma, na wengi wao mambo ya mlango huyaachia mwanamume au fundi. Tunasema hili kwa heshima, maana mwanamke aliyeweza kusimamisha nyumba nzima hashindwi na skrubu moja. Na tuongeze neno la pembeni kwa wapenda lugha: Msomali huuita ufunguo "fure", kutokana na kufungua; sisi nasi twasema "ufunguo" kutokana na kufungua; na Mwarabu husema "miftah", nalo pia ni kufungua. Lugha zote tatu zimekipa chombo hiki jina la kufungua, ingawa wengi wetu twakinunua kwa nia ya kufunga.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Kwanza mtu ajue mlango wake una kitasa cha aina gani. Milango mingi ya chuma hapa kwetu ina tundu la kupitishia mkono na kufuli ndani. Huyo hana la kufanya ila kununua kufuli jipya. Iko milango ya mbao yenye kitasa cha ufunguo mrefu wa kijiti, wenye meno mwishoni; hicho aghalabu hubadilishwa chote. Lakini ukiona ufunguo wako ni bapa, umechongwa mabonde mabonde, na tundu lake limo katika kipande cha shaba chenye kichwa cha mviringo na mkia chini yake, basi hiyo ndiyo silinda. Huhitaji kubadili kitasa kizima. Waitoa silinda peke yake, waitia nyingine, na funguo zote za zamani, popote zilipo duniani, zimekuwa vyuma vitupu.

Ndani ya silinda mna vijipini vidogo, kwa kawaida vitano au sita, kila kimoja kimekatwa vipande viwili na kusukumwa na springi. Mabonde ya ufunguo huvinyanyua hadi mahali pamoja, na hapo ndipo silinda hukubali kuzunguka. Ufunguo mwingine huvinyanyua juu mno au chini mno, navyo huzuia. Fikra hii ni ya kale sana. Wamisri wa zamani walikuwa na vitasa vya mbao vilivyofanya kazi kwa vijiti vya namna hiyo, na Mmarekani Linus Yale Mdogo akaileta katika umbo dogo la chuma tulijualo katika miaka ya 1860.

Ijumaa asubuhi, kabla maduka hayajafungwa kwa ajili ya Sala, tulikwenda kwa mama mmoja auzaye vifaa vya ujenzi. Tulikadiria kwa jicho, tukalipa, tukarudi. Silinda ikatokeza nje ya bamba kama pua. Tukairudisha kwa haya kidogo. Mama yule akatutazama, akauliza, "Adeer, ulipima?" Hatukuwa tumepima. Akatufundisha, na sasa twawafundisha nanyi. Silinda hushikwa na skrubu moja ndefu inayopita katika ubavu wa mlango. Kipimo huanzia katikati ya tundu la skrubu hiyo kwenda upande wa nje, kisha katikati hiyo hiyo kwenda upande wa ndani. Huenda ikawa milimita 30 kwa 30, au 35 kwa 35, au pande mbili zikatofautiana, 30 kwa 40. Njia isiyokosea ni kuitoa ile ya zamani na kwenda nayo dukani huku mtu mwingine amebaki nyumbani. Na isitokeze nje ya bamba zaidi ya milimita mbili au tatu, kwa kuwa mwizi huishika kwa koleo penye kutokeza akaivunja.

Tulirudi na ya kipimo sahihi. Tulifungua skrubu ile ya ubavuni kwa bisibisi, tukavuta silinda. Haikutoka. Tukavuta tena kwa nguvu, tukatoa jasho, tukasema maneno ya subira. Binti alikuwa amesimama nyuma yetu ameshika tochi, na hakuwa amesema neno tangu alfajiri. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, kuna kitu kinakwama ndani. Nakiona kinachungulia." Alikuwa amesema kweli. Katikati ya silinda mna jino dogo ambalo husukuma ulimi wa kitasa, na jino likiwa limejitokeza silinda haitoki. Dawa yake ni kuutia ufunguo, kuuzungusha kidogo tu kulia au kushoto hadi jino lilale sawa na mwili wa silinda, kisha kuvuta polepole. Tulitia ufunguo wetu wenyewe, tukauzungusha, na silinda ikatoka kama tende iliyoiva itokavyo kwenye kokwa.

Kutia mpya ni kurudi nyuma kwa njia ile ile: ufunguo ndani, jino lilale, silinda isukumwe hadi tundu lake la skrubu likutane na la mlango, skrubu irudishwe, ikazwe kiasi. Ikikazwa mno, ufunguo huwa mzito. Kisha, na hili tunalikokoteza, jaribuni kufunga na kufungua mara kadhaa mlango ukiwa wazi, kwa pande zote mbili. Asije mtu akaufunga mlango kwa furaha akajikuta nje. Na aliyepoteza funguo zake zote, asiwe na hata mmoja wa kulaza jino, huyo kazi hii haimfai. Amwite fundi, kwani silinda itabidi itobolewe.

Tumeeleza kwa urefu kwa sababu tuliwafikiria baadhi ya wasomaji wetu kwa macho yao. Yuko mama ambaye mume wake ni dereva wa lori, hurudi baada ya wiki. Yuko mjane aliyemo edani, na funguo za nyumba zimo kwa shemeji watatu na wapangaji waliohama. Kumwingiza fundi mgeni ndani na kukaa naye faragha, hali hakuna maharimu, ni dhiki, na kuuacha mlango hivyo ni dhiki nyingine. Kazi hii huhitaji bisibisi moja na chini ya nusu saa. Mama na binti yake waweza kuifanya. Mpangaji amjulishe mwenye nyumba kwanza, na silinda ya zamani aihifadhi airudishe siku ya kuhama, kwa kuwa ni mali ya mtu. Mwenye nyumba naye akumbuke kwamba kodi aliyopokea imemwondolea ruhusa ya kuingia bila kubisha na kutoa salamu, hata kama ana ufunguo mfukoni.

Kwa wakazi wa huku kwetu tuna mawili zaidi. La kwanza ni vumbi. Mafuta ya kupikia yakitiwa katika silinda huishika vumbi ya Garissa ikawa tope. Bora kusugua ufunguo kwa risasi ya penseli na kuuingiza na kuutoa mara kadhaa. Waliorudi majumbani baada ya Mto Tana kufurika mwishoni mwa 2023, na tena 2024, wanajua kitasa kilichonywa maji ya matope hufanya nini. Huyo asihangaike kukisafisha, abadili. La pili ni usalama wa walio ndani. Ufunguo ukiachwa ndani ya tundu, silinda nyingi hazikubali kufunguliwa kwa nje, na mtoto aliyejifungia hawezi kufikiwa. Ukiondolewa na kufichwa mbali, moto ukizuka usiku watu hawana pa kutokea. Tundikeni ufunguo wa ndani kwenye msumari mmoja karibu na mlango, mkubwa wa nyumba aufikie gizani. Ziko pia silinda zenye kizungushio upande wa ndani badala ya tundu, nazo kwa wazee ni rahisi zaidi.

Mtungo uliopotea haujaonekana hadi leo tunapoandika. Jirani alikuja tena Ijumaa ile jioni, akauliza kesi imefika wapi. Mama watoto akamwonyesha silinda ya zamani juu ya meza, akamwambia hakuna kesi, na akamwongezea chai.

Paketi ilikuwa na funguo tatu. Mmoja tuliuchukua sisi. Mmoja akauchukua mama watoto. Wa tatu akaufunga kwenye uzi mweusi, akamwita binti kutoka jikoni na kumvisha shingoni. "Chukua jagi," alimwambia, "ukalete maziwa ya ngamia kabla hayajaisha. Sisi tunakwenda arusini, ukirudi ufungue mwenyewe."