Mwanao amefaulu kidato cha sita lakini kusoma kunamshinda?

Mtihani wa kidato cha sita ukishapita, wazazi wengine huja kliniki na swali hili: mtoto anaeleza mambo vizuri kwa mdomo, lakini ukurasa mmoja humchukua nusu saa, na insha haimalizi. Je, chuo atakiweza?

Wengi hukiweza, wakifundishwa mapema namna ya kusoma na kuandika kazi ndefu. Ila kwanza tujue kinachomshinda.

Hapa nchini tunakimbilia kulaumu Kiingereza, kwa kuwa wengi walisoma msingi kwa Kiswahili. Mara nyingi ni kweli. Hata hivyo, mpe gazeti la Kiswahili asome kwa sauti. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo mwenye ugumu wa kusoma, yaani disleksia, huenda asikosee maneno mengi. Atasoma polepole mno, kwa kukatakata, na akifika mwisho wa aya amesahau mwanzo. Ndiyo maana shule ya msingi hupita bila kugundulika: hakosei, basi "anajua kusoma".

Huo si uvivu wala upungufu wa akili. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, William Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwerevu na asiye na shida ya hesabu, aliyeshindwa kusoma tu. Sisi bado tunawachapa wa aina yake.

Macho na masikio yapimwe, lakini miwani haitibu disleksia, na dawa yake hakuna. Anayekuuzia virutubisho vya "kufungua ubongo" anakula pesa yako. Kwa wenye tatizo la kutotulia na kushindwa kuzingatia, dawa zipo na husaidia wengi zikitolewa na daktari. Ila dawa humwezesha kukaa na kazi. Haimfundishi kuandika insha.

Hilo lafundishwa kwa mazoezi. Kabla ya kusoma sura, asome vichwa vidogo na hitimisho, ajiulize maswali mawili anayotafuta. Simu nyingi siku hizi zinaweza kusoma maandishi kwa sauti. Afuatishe kwa macho huku akisikiliza. Insha aiseme kwanza, ajirekodi, kisha aandike alichosema. Asiyetulia apewe kipande cha dakika 20, apumzike, arudi. Tarehe moja ya kukabidhi igawanywe kuwa tarehe tano ndogo zilizobandikwa ukutani. Mwenye usonji aelezwe wazi neno "jadili" linadai nini. Ukimwuliza "Je, unaweza kueleza sababu?" anaweza kujibu "ndiyo" na kufunga karatasi, na kwa kweli amejibu swali.

Mzazi, usimwandikie. Kaa naye, uliza, "Hapa ulitaka kusema nini?"

Muda ni mfupi, hasa kwa anayekwenda JKT kabla ya chuo. Mara tatu kwa wiki, kwa muda mfupi, yatosha kuanza. Afadhali hivyo kuliko Jumamosi nzima ya ugomvi.

Apimwe kabla chuo hakijafunguliwa, na barua ya daktari iseme anachohitaji: muda wa ziada kwenye mtihani, ruhusa ya kurekodi mihadhara, maelekezo ya kazi kwa maandishi. Jina la ugonjwa pekee halimsaidii mhadhiri. Aipeleke kwa mshauri wa wanafunzi wiki ya kwanza, abaki na nakala.