Usimkatie ng'ombe majani ya mahindi kabla punje hazijajaa

Mahindi yakishatoa ndevu tu, katika ploti za Membley ambazo hazijajengwa na mashamba ya kutoka Ruiru hadi Thika, majani huanza kuvunjwa na kupelekewa ng'ombe. Nepia imepungua, maziwa yanahitajika, na wengi huamini kwamba kazi ya jani imekwisha mara gunzi linapoonekana. Ukweli ni kinyume.

Wanga unaojaza punje hutengenezwa hasa baada ya ndevu kutoka. Jani lililoshika gunzi na yale ya juu yake ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, kwa siku 55 hadi 65 hivi, na zaidi penye baridi. Ukiyaondoa punje zikiwa bado na maziwa, utavuna magunzi yenye punje ndogo na nyepesi.

Majani ya chini yakigeuka manjano wakati huo, si lazima yawe yana ugonjwa. Jani linapozeeka, mmea hubomoa protini zake na kupeleka naitrojeni kwenye punje. Mpunga wa Mwea hufanya vivyo hivyo: jani la mwisho, lile lililo karibu na suke, hubaki kijani muda mrefu kuliko mengine likilisha punje, kisha nalo hutoa akiba yake. Ndiyo maana mpunga uliomwagiwa naitrojeni kupita kiasi unaweza kupendeza macho kwa ukijani ilhali masuke yana mapepe mengi, kwani chakula kimekwama kwenye majani na mabua.

Kwa hivyo uzee wa jani unahitajika, ila kwa wakati wake. Wasiwasi uanze pale majani ya chini yanapokuwa manjano mapema, kabla ya ndevu, rangi ikianzia kwenye ncha na kufuata mshipa wa kati kama herufi V. Hapo naitrojeni imepungua udongoni na mmea unajila wenyewe. Weka mbolea ya kukuzia, kama CAN, mahindi yanapofika magotini, udongo ukiwa na unyevu. Ukingoja hadi ndevu zitoke, umechelewa.

Na ng'ombe je? Majani ya chini yaliyokwisha kugeuka manjano unaweza kuyachukua bila hasara kubwa. Mengine yasubiri. Ng'oa punje chache katikati ya gunzi, ukwaruze kwa ukucha ile ncha iliyoshikana na gunzi. Ukikuta alama nyeusi, njia ya chakula imefungwa na punje haitaongezeka uzito tena. Sasa kata majani yote. Yakiwa bado na ukijani, ni bahati ya ng'ombe. Lakini usiyatie mahindi hayo guniani bado. Wakati huo huwa na unyevu wa takriban asilimia 30 hadi 35, na ghalani hayafai kuzidi asilimia 13.5.