Uani: Chora Njia ya Maji Kabla ya Kununua Miche

Mwenye nyumba wa Dar es Salaam anapotaka kupanga upya uani kwake, mara nyingi wa kwanza kuitwa ni fundi wa pevingi, na wa pili ni muuza miche. Wiki chache baadaye ardhi yote imefunikwa kwa matofali ya zege, miashoki imejipanga ukutani, bogenvilia imetambaa juu ya geti, na kipande kidogo cha ukoka kimebaki katikati. Panapendeza kweli. Kisha masika yanaingia mwezi Machi, na maji yaliyokuwa yakizama mchangani sasa yanasimama mlangoni pa jiko au yanamiminikia kwa jirani wa chini. Ikifika Januari, zege lile lile limenywa joto la mchana kutwa, na saa mbili usiku bado linafukuta.

Maua hayana kosa. Kilichopinduliwa ni mfuatano wa kazi. Uani hupangwa kwa maji kwanza, kisha jua na upepo, kisha shughuli za watu wanaoishi hapo. Miche hununuliwa mwisho, kwa kuwa hayo yaliyotangulia ndiyo yanayoamua mche upi utaishi, na utaishi wapi.

Maji ya mvua hudharauliwa mpaka yahesabiwe, kwa hiyo tuyahesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20. Mvua ikinyesha milimita 50 kwa siku moja, jambo lisilo geni mwezi Aprili, kiwanja hicho hupokea lita 20,000, yaani maboza mawili ya lita 10,000. Paa likiwa na mita za mraba 120, lita 6,000 kati ya hizo zinateremka kutoka kwenye bati. Tangi la lita 1,000 hujaa kabla mvua haijafika milimita tisa. Zinazobaki zote zinatafuta njia. Kwa mwaka mzima jiji hili hupata takriban milimita 1,100, na paa hilo moja hupokea zaidi ya lita 130,000. Hata moja ya tano ikipotea kwa gata zinazovuja na jua linalokausha, bado zinabaki zaidi ya lita 100,000. Familia nyingi zinazoyaacha maji haya yaende mtaroni ndizo zinazonunua maji ya boza miezi ya kiangazi.

Mchoro wa kwanza basi uwe wa maji. Mvua ikinyesha, chukua mwavuli utoke nje utazame: maji yanaanguka wapi kutoka paani, yanakimbilia kona gani, yanatuama wapi na kwa muda gani. Chomeka vijiti mahali hapo. Baadaye pima udongo. Chimba shimo la kina cha futi moja, lijaze maji, yaache yazame yote, kisha lijaze tena na uangalie saa. Kwenye mchanga wa maeneo mengi ya karibu na bahari, maji hayo ya pili huondoka upesi. Kwenye mfinyanzi yanaweza kukaa hadi kesho yake, na hapo mpango unabadilika: badala ya kuyazamisha, unayaongoza polepole kwa mfereji wenye nyasi hadi mahali salama.

Udongo unaponywa maji vizuri, shimo la kuzamishia ndilo kifaa cha bei nafuu kuliko vyote. Shimo la mita moja kila upande, likijazwa mawe au kokoto kubwa, hubakiwa na nafasi ya maji ya takriban theluthi moja ya ujazo wake, yaani lita 300 na zaidi kwa mara moja, na hujirudishia nafasi hiyo kila maji yanapozama. Liwe mita tatu au zaidi kutoka kwenye msingi wa nyumba, na mbali na shimo la maji taka. Palipo na kisima, umbali unaotajwa mara nyingi kati yake na shimo la maji taka ni mita 30. Kwenye viwanja vyetu vidogo umbali huo haupatikani, na hiyo ni sababu tosha ya kutoyanywa maji ya kisima hicho bila kuyatibu.

Pevingi si dhambi. Njia ya gari, mahali pa kufulia na mbele ya jiko panahitaji sakafu ngumu. Lakini iwekwe panapokanyagwa tu, iteremke sentimita mbili kwa kila mita kuelekea kwenye mimea, isielekee ukutani. Mafundi wana pima maji na mpira wa maji wa kusawazishia; waombe wakuonyeshe mteremko kabla ya tofali la kwanza kulazwa. Bibi zetu walilijua jambo hili kwa njia yao: nyuma ya bafu walipanda migomba, ikanywa maji ya kuogea mwaka mzima na kurudisha ndizi. Utaratibu huo bado unafaa, mradi maji yenye sabuni yasimwagiwe mchicha na mboga nyingine za majani.

Likimalizika suala la maji, angalia juu. Dar es Salaam iko nyuzi saba hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mapema Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini. Kati ya Machi na Oktoba hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki, ile ya joto kali, huegemea kusini kidogo. Tofauti hiyo ni ndogo adhuhuri, na paa hulikinga jua la saa hizo. Linaloumiza ni jua la saa tisa na saa kumi alasiri, linalopiga ukuta wa magharibi kwa mshazari, ukuta ukalibeba joto hilo hadi usiku. Mti wa kivuli, basi, mahali pake pa kwanza ni magharibi.

Upepo nao una kalenda yake, na watu wa pwani waliijua kabla ya vipimo vya kisasa. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki miezi ya katikati ya mwaka, na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi. Joto kubwa huja wakati wa kaskazi. Anayejenga ukuta mrefu na kubananisha miti upande wa kaskazini-mashariki amejifungia dirisha la upepo katika miezi anayouhitaji zaidi. Upande huo uache wazi, au panda vichaka vifupi.

Hapa ndipo muashoki unaponishinda kuutetea. Umenyooka, hauchukui nafasi na majani yake hayakauki yote kwa pamoja. Kwa kuziba macho ya jirani unafaa. Kivuli chake, hata hivyo, ni chembamba mno kumfaa mtu aliyekaa mkekani. Mwembe wa kubebeshwa haukui sana kama ule wa kokwa, huzaa baada ya miaka mitatu au minne, na chini yake watu hukaa. Upe mita tano au sita kutoka ukutani. Wakati unakua, panda mipapai pembeni: huanza kuzaa ndani ya mwaka mmoja hivi, na itakapochoka mwembe utakuwa umefunga kivuli.

Kabla ya kuchimba shimo lolote la mche, jiulize pia uani hapo pana kazi gani. Katika nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, vyumba vilitazamana kwenye ukumbi, na nyuma ukawa ua wenye jiko, choo na mahali pa kufulia. Maisha ya siku nzima yalikuwa pale. Leo bado nguo zinaanikwa, kuku wanafugwa, nazi inakunwa. Na siku ya msiba au harusi turubai linafungwa, viti vinapangwa. Bustani iliyojazwa vitanda vya maua katikati humfukuza mwenye nyumba uani kwake siku anayopahitaji kuliko zote. Mimea ikae pembezoni, katikati pawe wazi na tambarare, na kamba ya nguo ipate jua la asubuhi.

Sasa miche. Nashauri anza na yenye faida mbili. Mchaichai hushika udongo kwenye mteremko na huingia kwenye chai. Mlimao, mkomamanga na mrehani vinatosha kwenye uwanja mdogo. Mkilua na mwasmini hunukia jioni karibu na baraza. Kwenye kivuli kizito, ambako ukoka hukataa kuota, tumia mimea ya misituni. Watu wa Ulaya na Marekani wanalipenda mno ua dogo la zambarau wanaloliweka dirishani, na asili ya ua hilo ni milima yetu: lilielezwa kisayansi mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia, baada ya Walter von Saint Paul-Illaire kulikuta Usambara. Mimea ya nchi hii inastahili heshima hiyo kwetu pia.

Uangalifu unahitajika kwa mimea ya mapambo iliyotoka mbali. Gugu maji, lililovamia Ziwa Victoria tangu miaka ya mwisho ya 1980, lilisambazwa duniani kutoka Amerika ya Kusini kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Mmea unaoenea wenyewe hadi kwa jirani usiupande, hata ukipewa bure.

Na pasiwe na maji yaliyotuama. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi, huzaliana kwenye kisahani cha chungu cha maua, kwenye tairi na kwenye gata iliyoziba, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Visahani vimwagwe na kusuguliwa kila wiki, na tangi lifunikwe kwa wavu.

Kiwanja kimoja hakiwezi kuzuia mafuriko ya Bonde la Msimbazi kama yale ya Desemba 2011, ambayo baada yake familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Lakini maji yanayoshuka bondeni hutoka kwenye viwanja, na kila lita inayozama uani kwako haifiki kule. Kama unapanga kuanza kazi mwaka huu, usilipe fundi wa pevingi kabla ya kuchimba lile shimo la futi moja na kujua udongo wako unayanywa maji kwa saa ngapi.