Mvua zikikoma, trauti huibuka mitoni Njombe

WAKATI baridi ya Juni ikiwalazimu wakazi wa Njombe na Makambako kuvaa makoti, mito ya nyanda hizo huingia katika kipindi kizuri cha kuvua trauti, samaki wa maji baridi aliyeletwa Nyanda za Juu Kusini enzi za ukoloni.

Mvua za Novemba hadi Aprili huijaza mito tope. Zikikoma, maji hutakata, na viluwiluwi vya wadudu waishio chini ya mawe hupanda juu kuota mbawa.

Hapo ndipo trauti huwawinda, naye mvuvi huifunga ndoana manyoya ili ifanane na mdudu.

Ulaya wadudu hao husubiri majira ya kuchipua. Katika nchi za tropiki wanaweza kuibuka mwaka mzima, hivyo kinachoamua uvuvi zaidi ni hali ya maji.

Hatari ni kilimo cha kingoni. Udongo ukiporomoka hufunika mawe, viluwiluwi hufa na samaki hukosa chakula.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Akinusurika mdudu, maji ya kunywa nayo hunusurika.