"Niko mu duka tayari"

Mwezi uliopita nilikuwa Johannesburg kwa mtoto wa dada yangu, mwenye kibanda cha kutengeneza simu mtaa wa Hillbrow. Ukitoka nje na kuangalia juu, unauona ule mnara wa mawasiliano wa mita 269, uliomalizika kujengwa mwaka 1971. Chini yake wanaishi Wazimbabwe, Wanigeria, Wakongo, na Watanzania wetu pia. Simu zinaibiwa sana, kwa hiyo kila siku kuna mtu anaanza upya na simu nyingine.

Mpwa wangu alichoka kueleza jambo moja kutwa nzima, akachapa karatasi ya Kiswahili ya namna ya kuweka WhatsApp. Mteja anaondoka nayo, anakwenda kujiwekea nyumbani. Hatua ya kwanza ilisema: "Ingia dukani, upakue programu."

Jioni moja akaja mama mtu mzima, mtu wa Bukavu, karatasi mkononi. "Miye niko mu duka tayari," akasema. "Sasa nipakue nini?"

Mpwa wangu akacheka. Mimi sikucheka, maana yule mama kasoma sawasawa kama ilivyoandikwa. Duka ni duka, na kupakua ni kutoa wali chunguni. Hata lile neno "sakinisha", sisi wenye Kiarabu cha nyumbani tunalifikia haraka kwa sakini na maskani: programu inapewa pa kukaa. Kwao Bukavu mtu anasema kuweka tu, basi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, walitoka jasho kwanza kutafuta istilahi. Kazi kubwa, nawaheshimu. Lakini istilahi nzuri haimsaidii mtu ambaye hajaoneshwa kitu chenyewe hata mara moja.

Tukamwonesha alama ya kubonyeza, akarudi kwake. Haikupita saa moja, huyo mlangoni analia. Simu ilimuuliza kama anataka kurejesha ujumbe wa zamani. Karatasi ilisema: "Kama huhitaji, ruka." Akaruka. Onyo kwamba ukiruka unaweza kupoteza kila kitu lilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, hatua tatu mbele. Na humo ndimo zilimokuwa sauti za mumewe, aliyefariki mwaka jana.

Mpwa wangu hakucheka tena. Akamuuliza: nambari ni ile ile ya zamani? Ndiyo. Akaunti ya Google je? Ile ile, binti yake aliiandika kwenye daftari. Akaiondoa programu na kuiweka tena, huku akihofia nakala mpya isije ikakaa juu ya ile ya zamani. Safari hii lilipotokea neno "Rejesha", mama mwenyewe ndiye aliyebonyeza. Tukangoja. Sauti ya kwanza iliyorudi, marehemu anauliza kama unga umebaki.

Usiku huo nikamkalisha kijana. Nimefundisha kemia sekondari ya misheni miaka thelathini, na darasani humwambii mtoto "mimina maji kwenye asidi" halafu mstari wa chini ukamwambia asifanye hivyo. Onyo linatangulia mkono. Tukaandika upya: kila hatua kitendo kimoja, na neno lile lile analoliona kwenye kioo, si neno zuri zaidi. Pembeni, picha ya alama yenyewe. Na kabla ya lolote: nambari yako ya zamani unayo? Akaunti yako unaijua? Kama sivyo, usianze, njoo kwanza.

"Mjomba, sasa imekuwa ndefu," akalalamika. Ndefu, ndiyo.

Asubuhi tukamwomba muuza ndizi wa jirani aifuate, sisi tumenyamaza, mikono nyuma. Alikwenda vizuri mpaka kwenye nambari sita zinazokuja kwa ujumbe mfupi, hapo akasimama. Hatukuandika kwamba zitakuja, wala kwamba asimpe mtu yeyote, hata anayejidai ni wa kampuni ya simu. Mpwa wangu akafungua mdomo amsaidie, nikamkanyaga mguu. Yule bwana akaitazama karatasi, akaigeuza, akatutazama sisi.

"Hapa pamekatika," akasema.

Tukachukua kalamu.