Saa 19 Angani, Sekunde 53 Angani: Mabingwa wa Safari za Ndege

1. Ndefu kuliko zote: Singapore–New York

Kilomita 15,349 bila kutua popote. Barabara ya Mombasa–Nairobi ungeipita zaidi ya mara 31 ndipo ufikishe umbali huo. Abiria hukaa angani karibu saa 19. Matangi ya Airbus A350-900ULR hujaa lita 165,000 za mafuta, yaani malori matano ya lita 33,000 kila moja! Uzito wa mafuta hayo una bei yake: viti ni 161 tu, na daraja la kawaida, lile letu sisi wa mfuko mwepesi, halipo kabisa.

2. Fupi kuliko zote: Westray–Papa Westray

Visiwa viwili vya Orkney, Uskoti, vimetenganishwa na kilomita 2.7. Daraja la Magufuli pale Kigongo–Busisi ni refu kuliko safari hii ya ndege! Ratiba inaipa dakika 2. Upepo ukikubali, sekunde 53 zinatosha, na hiyo ndiyo rekodi. Ndege yenyewe ni ndogo, ya abiria 8, na safari hizi zipo tangu 1967.

3. Ya kasi kuliko zote: New York–London

Tarehe 7 Februari 1996, Concorde ilivuka Atlantiki kwa saa 2, dakika 52 na sekunde 59. Kwa muda huo basi lililotoka Dar bado linaitafuta Morogoro, safari isiyofika kilomita 200. Concorde ilimaliza zaidi ya 5,500. Ilistaafu 2003, na tangu hapo hakuna ndege ya abiria iliyoikaribia. Mwezi Februari 2020 Boeing 747 ilisukumwa na upepo wa dhoruba Ciara ikatumia saa 4 na dakika 56: nzuri, lakini ni mbio za mtu aliyebebwa. Upepo kama huo, unaovuma kutoka magharibi, ndio unaofanya Nairobi–New York ichukue saa 15 kwenda na 14 kurudi.

4. Yenye pilikapilika: Seoul–Jeju

Kilomita 450 hivi, pungufu kidogo ya Mombasa–Nairobi. Mwaka 2023 iliuza viti zaidi ya milioni 13. Wakazi wote wa Nairobi wa sensa ya 2019 wangekaa, kila mmoja karibu mara tatu.

5. Ya subira: Perth–Ceylon (Sri Lanka ya leo)

Hapa ndipo navua kofia. Kati ya 1943 na 1945, vita vikiwa vimepamba moto, shirika la ndege la Qantas lilirusha ndege za Catalina juu ya Bahari ya Hindi, redio kimya, marubani wakiongozwa na nyota. Abiria hawakuzidi watatu. Safari ilichukua saa 27 hadi 33, na jua liliwachomozea mara mbili!

Qantas hiyohiyo sasa inaandaa Sydney–London, zaidi ya kilomita 17,000, hadi saa 22 angani. Itaivua Singapore taji la umbali. La subira litabaki kwa Catalina.