Maniema: Mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati, tezi ya shingo nayo iangaliwe

Mtoto akizaliwa kabla ya miezi kutimia na kupumua kwa shida, macho yote huenda kwenye kifua chake. Lakini kuna kiungo kingine kinachoyumba wakati huohuo: tezi ya shingo, inayoitwa tiroidi.

Tezi hiyo hutoa homoni zinazojenga ubongo, kutunza joto la mwili na kusaidia mapafu kukomaa. Tumboni, mtoto hupata sehemu ya homoni hizo kwa mama yake. Akizaliwa mapema, msaada huo hukatika huku tezi yake ikiwa bado changa. Ndiyo maana homoni hupungua katika damu yake, na zaidi kwa mwenye shida ya kupumua.

Kwa wengi, hali hiyo hujirekebisha baada ya wiki chache. Hatari ni kwa wachache ambao tezi yao ni gonjwa kweli: wasipotibiwa mapema, akili hudumaa. Tone la damu ya kisigino hugundua ugonjwa huo, lakini kwa mtoto huyu kipimo hurudiwa baada ya wiki mbili hadi nne, kwa kuwa alama yake katika damu huweza kuchelewa.

Katika vijiji vya Kasongo na Kabambare, kipimo hicho kiko mbali, lakini kinga iko karibu. Mama mjamzito atumie chumvi yenye iodi, na muhogo uloweshwe vizuri kabla ya kupika bugali. Miaka ya 1960, watafiti walichunguza uvimbe wa shingo uliotokana na upungufu wa iodi kisiwani Idjwi, Kivu.

Baada ya kuzaliwa, iodi nyingi nayo ni hatari. Dawa ya vidonda kama Betadine ikipakwa kitovuni hupenya ngozi nyembamba ya mtoto na kuzima tezi kwa muda. Klorexidini haina iodi.

Uchungu ukianza mapema, mama akimbizwe hospitalini: sindano ya kukomaza mapafu hutolewa kabla ya kuzaa. Mtoto awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi.

Baadaye, umanjano usioisha, usingizi mwingi, kunyonya kwa uvivu na kufunga choo ni dalili za kumrudisha kwa munganga.

Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi maalumu huweza kusafiri hata kwa pikipiki. Miaka ya 1970, Mradi wa Kasongo ulionyesha jinsi vituo vya afya vya vijijini vinavyoweza kushirikiana na hospitali moja. Njia hiyohiyo ingeweza kubeba tone hilo.